Habari za Tembele, Mboga Isiyoandikiwa Tarehe

Wasafiri wa kigeni waliozizuru nchi zetu katika karne ya 19, na kuandika yale waliyoyaona, walikuwa watu wa hesabu kuliko watu wa jikoni. Walihesabu mizigo ya pembe, doti za merikani na kaniki, mishipi ya shanga, siku za mwendo na vibaba vya mtama, na katika hesabu hizo hawakukisahau kiazi kitamu, kwa sababu kiazi kilikuwa riziki ya msafara. Richard Burton na John Speke, walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda Kaze na Ujiji, walikikuta njiani; naye James Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya pili kupitia Karagwe hata Buganda, alikikuta vilevile, kimeshazoeleka kwa wenyeji kana kwamba kilikuwapo tangu azali. Bali jani la kiazi hicho, ambalo tunaliita tembele, halikuwa bidhaa. Halikupimwa kwa kibaba wala halikubadilishwa kwa shanga, lilichumwa na mwanamke jioni nyuma ya nyumba yake na kuliwa usiku uleule, na kitu kisichopita mikononi mwa mfanyabiashara hakikuwa na desturi ya kuingia katika daftari. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua tarehe ya mboga hii hana budi kuitafuta pembezoni mwa tarehe ya mambo mengine, katika habari za mashamba, za vyungu na za maradhi, na huko ndiko ninakokusudia kupita.

Asili ya mmea si kwetu. Kiazi kitamu ni mzaliwa wa Amerika ya kitropiki, kililimwa huko maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka bahari, na ni vyombo vya Wareno na Wahispania vilivyokisambaza sehemu kubwa ya dunia. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na katika muda wa utawala wao, uliojaa mizinga na dhuluma, waliacha nyuma yao mbegu ambazo zimedumu kuliko ngome zao: mahindi, muhogo, nanasi, mkorosho, na kiazi hiki. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara na kuchapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, aliandika baadaye, katika miaka ya 1944 na 1945, juu ya asili ya mimea ya chakula ya Afrika Mashariki, na msomaji wa habari hizo hushangaa kuona ni vichache mno katika sahani yake vilivyoota kwetu tangu mwanzo.

Lakini ingawa kiazi kilikuwa mgeni, namna ya kulila jani lake haikuhitaji kuletwa na chombo chochote. Watu wa pwani na wa bara walikuwa na kunde kabla ya Wareno, wakila mbegu zake na majani yake pia. Walikuwa na mchicha wa porini, mnavu, na aina nyingi za majani yaotayo yenyewe baada ya mvua ya kwanza. Na walikuwa wamekwisha kuifanya ada kwamba wali au ugali hauliwi pasipo kitoweo. Mmea mpya ulipoingia shambani ukatandaza majani mabichi, laini, yasiyo machungu, ulikuta chungu kimeshatelekwa. Naam, hili ni jambo la kutiliwa maanani, kwa sababu si kila mahali kiazi kilipofika ndipo jani lake lilipoliwa. Ulaya walikipokea kiazi wakaliacha jani. Katika nyanda za juu za Kenya marando, yaani mashina yatambaayo ya kiazi, hukatwa yakapewa ng'ombe na sungura. Na katika sehemu kubwa ya Uganda, nchi ambamo kiazi ni chakula cha kila siku, majani huishia aghalabu kwa mbuzi na nguruwe. Kwa upande mwingine, ukitoka Unguja ukaelekea kusini na magharibi, utayakuta yanaliwa Malawi pamoja na unga wa karanga, na Zambia vilevile, na ukivuka kuingia Kongo utayakuta sokoni Lubumbashi hata Kinshasa yakiitwa matembele kama tuyaitavyo sisi, yakapikwa kwa mawese. Mashariki ya mbali nako, Wafilipino hula ncha za marando. Na watu wa Okinawa, waliokipata kiazi mwaka 1605 kutoka Fujian, mkoa wa Uchina ambao wenyewe ulikipokea kutoka Luzon katika miaka ya 1590 wakati wa njaa, wana uji wa mchele uliochanganywa na majani haya.

Turejee kwetu. Katika karne ya 19, karafuu zilipoitawala Unguja na Pemba, mashamba yalilimwa na watumwa, na ilikuwa desturi kwa mtumwa wa shamba kupewa kipande cha ardhi ajilimie chakula chake, pamoja na siku za Alhamisi na Ijumaa azitumie kwa kazi yake mwenyewe. Bwana aliandikiwa hesabu ya karafuu. Muhogo na mazao madogo ya kipande kile hayakuandikwa popote. Ni mahali kama hapo, naona mimi, ndipo mboga za majani zilipopata ulinzi wake mkubwa, kwa kuwa mtu asiye na haki hata ya nafsi yake hawezi kungoja miezi minne kiazi kikomae, ilhali jani huanza kuchumwa baada ya majuma machache tu tangu kupandwa rando, na hukatwa likachipua, hukatwa likachipua, mpaka kiangazi kiukaushe mmea. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokombolewa walitoka na jembe na maarifa hayo, na hawakuwa na kingine kingi.

Kazi ya kiazi tangu zamani imekuwa ya wanawake, na katika kazi hiyo kuna hikima ambayo haionekani na mpitanjia. Kiazi hakipandwi kwa mbegu bali kwa vipande vya marando, navyo havikai ghalani, vikikauka, vimekwisha. Kwa hiyo kila kiangazi kilikuwa hatari ya kupotea kwa mbegu, na mwanamke aliyetaka kupanda matuta yake mara masika yanapoanza alipaswa kuyahifadhi marando yakiwa hai, bondeni penye unyevu, au karibu na kisima, au pale maji ya kuogea yanapomwagikia. Kijitalu hicho kidogo ndicho kilichoilisha nyumba mboga wakati majani mengine yote yamekwisha kukauka, na akiba ya mbegu na akiba ya kitoweo zikawa kitu kimoja. Mchumaji naye sharti awe na kiasi. Hukata ncha na majani machanga, akaacha majani mapana yaendelee kufanya kazi ya kukinenepesha kiazi kilichomo ardhini, maana anayelivua tuta majani yote huchimba mizizi myembamba. Ndiyo maana baadhi ya watu hutenga matuta mawili au matatu ya tembele tupu, wala hawatarajii kiazi kutoka humo.

Na upishi wake, ambao nimeutazama mara nyingi na sichoki kuutazama, una utaratibu wake. Matembele huchambuliwa kwanza: kila kikonyo huvunjwa kidogo juu, na utando wake mgumu huvutwa kuteremka kama uzi, kazi ifanywayo na vidole huku mazungumzo yakiendelea; kisha huoshwa, na wako wanaoyaanika juani kitambo kidogo yanyauke ili ule utelezi wake upungue. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha hutiwa maji na kukamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, huwekwa kando. Majani hukatwakatwa, hutelekwa kwa tui jepesi pamoja na kitunguu na nyanya, na mara nyingi kipande cha ng'onda au papa mkavu, na hapana nyumba ya pwani isiyojua kutia kitu cha ukali, ndimu au embe bichi au mbirimbi; na mwisho kabisa, yakiwa yamelainika lakini hayajapoteza rangi, kasimile hutiwa, hukorogwa polepole lisikatike, na chungu huteremshwa. Bara pasipo minazi, kazi hiyo ya tui hufanywa na karanga zilizotwangwa.

Hakuna katika hayo hata tendo moja lililongoja ruhusa ya wanasayansi, na hata hivyo sayansi ilipokuja ilishuhudia karibu kila hatua. Mwaka 1912 Casimir Funk, akifanya kazi London, alitoa jina la vitamini kwa vitu vile vichache mno vilivyomo chakulani ambavyo mwili ukivikosa huugua ijapokuwa tumbo limeshiba. Mwaka uliofuata McCollum na Davis wa Wisconsin nchini Marekani wakaonyesha kwamba kimojawapo huyeyuka katika mafuta, nacho ndicho kiitwacho leo vitamini A. Mwanakemia Steenbock mwaka 1919 akatambua kwamba kitu hicho kina ujamaa na rangi ya manjano ya mimea. Na Thomas Moore wa Cambridge, mwaka 1930 hivi, akathibitisha kwamba rangi hiyo, karotini, hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Sasa, katika tembele rangi ya manjano imo, ila imefunikwa na kijani. Na kwa kuwa karotini haichukuliwi vizuri na utumbo pasipo mafuta, yule mwanamke aliyetia kasimile au karanga au mawese chunguni alikuwa akiufungulia mwili mlango ambao, kwa majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu, ungalifunguka nusu. Ndimu nayo si ya ladha peke yake, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika majani ni mazito kwa mwili kuyapokea, na ukali wa ndimu, pamoja na vitamini C yake, huyasaidia. Na ng'onda anayewekwa humo huongeza msaada huo.

Vipimo vya leo vinatuambia kwamba katika gramu 100 za matembele mabichi, maji ni zaidi ya gramu 86, na katika kile kidogo kinachobaki mna protini takriban gramu 2.5, nyuzinyuzi gramu 5 na ushei, potasiamu miligramu 500 hivi, kalsiamu karibu 80, magnesiamu 70, chuma karibu miligramu 1, vitamini C miligramu 11, na vitamini A ya kiasi cha mikrogramu 190, ambayo ni zaidi ya nusu ya haja ya siku ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Vitamini K, ile isaidiayo damu kuganda, ni nyingi mno, mikrogramu 300 hivi, hata mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande anapasa kumwarifu tabibu wake ikiwa amezoea kula mboga hii kwa wingi. Kiazi chenyewe, kile cheupe kilichozoeleka katika mashamba yetu kwa vizazi vingi, kina wanga wa kutosha kumshibisha mtu, lakini vitamini A hakina ila kwa kiasi kisichofaa kuhesabiwa. Hivyo katika mmea uleule mmoja, kilichoandikwa vitabuni kilikuwa cha kushibisha, na kilichoachwa ndicho kilichokuwa na kinga ya macho ya mtoto.

Wakati wa ukoloni yalitokea mambo ambayo yangaliweza kulitoa jani katika kivuli hicho. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya siha ya Wamasai na Wakikuyu, na ijapokuwa hukumu zao nyingi zimekosolewa tangu hapo, waliona jambo moja ambalo linastahili kukumbukwa: kwamba katika Wakikuyu, wanaume walikula zaidi nafaka, ilhali wanawake walikula majani mabichi kwa wingi, na siha ya wanawake katika mambo kadha wa kadha ilikuwa bora kwa sababu hiyo. Miaka minane baadaye, mwaka 1939, Audrey Richards alitoa kitabu chake kikubwa juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba wa kaskazini mwa Zambia ya leo, akaeleza kwa uangalifu ambao wanaume wachache wa wakati wake walikuwa nao jinsi kitoweo kilivyokuwa kazi ya mwanamke na jinsi mlo wa ugali usivyokuwa mlo pasipo hicho. Hizi zilikuwa shahada mbili nzuri. Lakini siasa ya serikali kuhusu kiazi ilikuwa ni siasa ya njaa: mabwana shamba walihimiza, na mara nyingine walilazimisha kwa amri, watu wapande muhogo na viazi viwe akiba mvua zikikosa, na katika ripoti zao eneo lililopandwa ndilo lililotajwa, jani likaachwa kama lilivyoachwa na wasafiri wa kwanza.

Mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya uhuru. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, mwaka uleule wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma vijijini. Na mwaka 1975, taifa likiwa limetoka katika ukame mkali na wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, ambayo iliyaingiza maarifa ya lishe katika masikio ya watu wengi kuliko kitabu chochote kingeweza. Mlo kamili ukawa neno la kawaida, na mboga za majani zikapata mahali pake katika picha za ukutani za zahanati. Naheshimu sana kazi ile. Ila nasikitika kwamba pamoja na mafundisho hayo ilikuwapo pia mijini dharau iliyoyahesabu matembele, kisamvu na mlenda kuwa chakula cha asiyejiweza, kitu cha kuliwa mwisho wa mwezi, na mgeni wa heshima akija huandaliwa kabichi. Kabichi jeupe lina vitamini A chache mno ukililinganisha na tembele. Hadhi yake ilitokana na mahali lilipotoka.

Ukata wa miaka ya 1980 mwanzoni ukawarejesha watu wa Dar es Salaam kwenye udongo, hata watumishi wa serikali wenye elimu kubwa, ambao mishahara yao ilikuwa haifiki popote. Nyua zikalimwa, kando za barabara zikalimwa, na mabonde ya mito yakajaa matuta ya mchicha na matembele. Biashara ya mafungu ikakua: jani lililokuwa halina bei likapata bei, na wanawake wengi wakasomesha watoto kwalo. Lakini maji ya mabonde yale si safi. Uchunguzi wa wanakemia wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1999 ulipima madini mazito, risasi na kadimiamu yakiwamo, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na tangu hapo hapana awezaye kusema kwamba mboga ni salama kwa kuwa tu ni mbichi na ya kijani. Kosa hapo si la mkulima mdogo. Ni la viwanda na maji machafu yaliyoachwa yatiririke, na ni haki ya mlaji na ya mkulima pia kudai bonde lisafishwe.

Nisingependa kulisifu jani kupita kadiri yake. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wametambua kwamba karotini ya majani huupatia mwili vitamini A kidogo kuliko ilivyodhaniwa kwanza, kwa sababu imefungwa ndani ya chembe ngumu za jani. Kiasi nilichokitaja hapo juu kimekwisha kupunguzwa kwa kuzingatia jambo hilo. Mtoto mwenye surua, au aliyekwisha kudhoofika, haponywi kwa bakuli la mboga, na utafiti uliofanywa Tanzania na kutolewa mwaka 1987 na Allen Foster na Alfred Sommer ulionyesha jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za macho za kienyeji zilivyokuwa zikiwapofusha watoto wetu. Kwa hali kama hizo matone ya vitamini A ya zahanati ndiyo wajibu. Jua kali nalo huiharibu karotini, kwa hiyo anayekausha matembele ya akiba heri ayakaushe kivulini. Na anayeyachemsha kwa maji mengi kisha akayamwaga, humwaga pamoja nayo sehemu kubwa ya vitamini C.

Kwa ajili ya upungufu huohuo wa vitamini A vimezalishwa viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, tunavyoviita viazi lishe, na mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis kwa juhudi zao katika kuvirutubisha vyakula vya kila siku, watatu wa kwanza wakiwa ni watu wa kiazi hiki. Ni kazi kubwa, na karotini ya kiazi hicho hupokelewa na mwili kwa wepesi kuliko ya jani. Ila kiazi lishe huchimbwa kwa msimu, na marando yake, kama ya mababu zake weupe, hukauka upesi kiangazi kikiwa kirefu. Na wagawaji wa mbegu hizo bora wamekuwa wakiwafundisha wakulima kutenga vitalu vya kuhifadhi marando karibu na maji, jambo ambalo wanawake wa vijiji vingi walikuwa wakilifanya zamani pale maji ya kuogea yanapomwagikia, na ambao, wakati wanangoja masika, waliendelea kuchuma ncha za vitalu hivyohivyo kwa ajili ya chungu cha jioni.